Kiluma, Kiruma, Kirumi

Kama gazeti la wiki iliyopita, lenye mwanzo wa habari hizi, lilishafungia nyama kwenu, sitawalaumu. Nitawakumbusha upesi.

Mimi ni Mwongeli, mke wa Musau, mama yake Mbithe, mzaliwa wa Yatta. Kwa miaka saba nilimfulia, nikampigia pasi na kumtarizia vitambaa vya meza memsahibu mmoja wa shamba la kahawa kule Ruiru. Siku moja akaniagiza nitarizi mawaridi, mimi nikatarizi mmea wa kwetu. Wageni wake wakausifu ule mmea, yeye akasema ni wazo lake, na kesho yake akanifukuza kazi kwa kutotii. Ndipo nilipojua kwamba mtu anaweza kukuibia kitu na bado akakukasirikia kwa kukileta.

Basi, mwaka wa hamsini na tano, katikati ya Hali ya Hatari, wakati watu wenye akili walikuwa wanajifungia majumbani, mimi na rafiki yangu Nekoye tukaona huo ndio wakati mzuri wa kufungua biashara.

Biashara yenyewe ilikuwa nusu ya veranda ya duka la Mhindi mjini Thika, cherehani moja ya mkono na kimeza cha kuchorea. Mimi nachora nakshi, Nekoye anashona. Foronya, mapazia, vitambaa vya meza, na gauni la arusi kama kuna aliyebahatika kuolewa siku hizo. Nekoye alikuwa Mbukusu, amesoma shule ya misheni, na mdomo wake ulitosha watu wawili. Mimi shule niliiona kwa mbali nikichunga mbuzi. Nekoye ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu.

Kilichobaki kilikuwa jina la biashara.

"Tuiite Thika Modern Ladies," Nekoye akasema.

"Tuiite Kiluma."

"Kiluma ni nini?"

"Ule mmea ninaochora. Wenye majani manene yenye miiba. Waswahili wanauita mshubiri."

"Ule mchungu?"

"Huo huo."

Nekoye akaweka mkasi chini. "Mama Mbithe, kwetu kuluma ni kuuma. Unataka kumwambia mteja kwamba humu ndani kuna kitu kinauma, halafu kikishamuuma ni kichungu?"

Nikamweleza. Mwaka ule wa njaa kwetu Yatta mbuzi walikula mpaka nyasi za paa. Nchi nzima ilikuwa rangi ya majivu. Kiluma peke yake kikatoa maua mekundu juu ya mawe, kama kwamba hakikuambiwa kuna ukame. Nilikuwa msichana mdogo, na nililitazama lile ua mpaka mama akanigombeza, maana nilitumwa maji.

"Hadithi nzuri sana," Nekoye akasema. "Sasa utaweka kiti hapo mlangoni umsimulie kila anayepita?"

Jumamosi mume wangu akaja. Musau alikuwa nyapara kwenye mashamba ya katani upande wa Kalimoni, na alikuwa na maoni juu ya kila kitu isipokuwa mshahara wake.

"Kiluma?" akauliza. "Mizizi yake si ndiyo ya kuchachulia pombe? Polisi watadhani mnapika."

Kwa hiyo nilionywa na Mbukusu, nikaonywa na Mkamba mwenzangu, tena mume wangu wa ndoa. Na kwa kuwa mimi ni mtu mwerevu sana, sikumsikiliza yeyote.

Mwandishi wa vibao aliitwa Wainaina, Mkikuyu wa Gitothua, Ruiru. Alikuwa mwembamba, mpole, na akiandika jina lako kwenye ubao unajiona umekuwa mtu mkubwa. Siku hizo Mkikuyu hakuweza kutoka Ruiru kuja Thika bila pasi, karatasi ya ruhusa ya kusafiri. Pasi ya Wainaina ilisema ikifika saa kumi jioni awe ameshauacha mji. Ilisema hivyo kwa muhuri, na muhuri haukuwa na mchezo.

"Niandike nini, Mama Mbithe?"

"Kiluma."

"Kiruma."

"Ki-lu-ma."

"Ndiyo. Ki-ru-ma." Akacheka kidogo. "Hata kwetu mti huu uko, mama. Kiruma ndilo jina lake. Nyinyi Wakamba ndio mliulegeza ulimi."

Nekoye akadokeza kwamba Wainaina atatia R mahali pa L. Nikasema haidhuru, herufi moja itamuua nani?

Nikataka aanze na mchoro. Maneno yanaweza kungoja, nilisema, ua ndilo linalovuta macho. Wainaina akachora kiluma chekundu chenye majani ya kijani, na mtu yeyote mwenye shukrani angemshika mkono. Mimi nikainamisha kichwa upande, kama memsahibu wangu wa zamani.

"Miiba inaangalia chini," nikasema. "Ya kweli inaangalia juu."

Akafuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akachora upya.

"Sasa imekuwa mirefu mno."

Akafuta tena. Mara ya tatu akatazama jua kabla ya kunitazama mimi.

"Mama Mbithe, saa zinakwenda."

"Kibao ni cha miaka mingi, Wainaina. Usikiharakishe."

Kibao hicho cha miaka mingi kilidumu siku tatu.

Alipoanza herufi, saa kumi ilikuwa karibu. K ikatoka vizuri. I, R, U, M, zote vizuri. Ya mwisho ilikuwa A, lakini nafasi ilikuwa imebanwa na yale majani yangu mazuri, kwa hiyo akaanza na mguu mmoja wa A, umesimama wima kama mlingoti. Hapo saa ya Mhindi ikalia dukani. Wainaina akatia brashi kwenye mkebe.

"Kesho asubuhi nitamalizia," akasema, akaondoka mbio.

Kesho asubuhi kijiji chao kilifungwa. Walikuwa wanamtafuta mtu fulani, na hakuruhusiwa yeyote kutoka mpaka apatikane.

Mtu mwenye subira angekiacha kibao ndani kingoje mguu wake wa pili. Mimi nilikuwa nimengoja miaka saba nikipiga pasi. Nikapanda juu ya kiti, nikakitundika.

"Haijaisha," Nekoye akasema.

"Watu wataelewa."

Na kweli, wakaelewa.

Asubuhi ile ile wanawake wawili wa Kikuyu wenye vikapu wakasimama, mmoja akasoma kwa sauti ya chini, wakavuka barabara. Ajuza mmoja aliposomewa akajitemea mate kifuani, akakaza mwendo ambao sikudhani miguu yake ingeuweza. Kijana mwenye baiskeli akashuka, akaikokota mpaka akatupita, akapanda tena.

"Nilikuambia hawapendi vitu vichungu," Nekoye akasema.

Siku ya pili Mhindi mwenyewe akatoka nje. "Mama, wewe nafanya nini hapa? Watu yangu yote nakimbia. Mtu nataka sukari nakwenda duka ya mbele!"

"Ni kibao tu, Bwana."

"Basi kibao yako nafukuza watu kuliko mbwa yangu."

Siku ya tatu wakaja wateja wawili kwa mpigo. Walivaa kofia na kubeba bunduki. Mmoja akang'oa kibao, mwingine akachukua laisensi yetu ya biashara mezani na kuniambia nimfuate.

Katika afisi ya serikali kulikuwa na Bwana afisa kijana wa kizungu, pua imeiva kwa jua, na pembeni yake karani mkalimani aitwaye Simeon. Simeon alikuwa na kalamu mbili mfukoni mwa koti, na alivyozipanga ungedhani ni nishani. Kibao changu kilikuwa kimeegemezwa ukutani, ua langu limetazama dari.

"Soma," Simeon akaniambia.

"Mimi sijui kusoma, Bwana karani. Najua jina langu tu."

"Imeandikwa Kirumi. Unajua maana ya kirumi?"

"Hapana."

"Kwa Kikuyu ni laana. Ile mzazi anayoacha akifa na hakuna wa kuiondoa. Nawe umeitundika mahali homugadi wanapita kila asubuhi. Umewalaani walinzi wa serikali, mama, tena kwa rangi nyekundu."

Lakini maelezo yalikuwapo, na yalikuwa ya kweli. Kwamba ni mmea. Kwamba ile si I, ni nusu ya A. Kwamba fundi alicheleweshwa na mwanamke mmoja mwenye maringo aliyetaka miiba iangalie juu, na kwamba mwanamke huyo huyo ndiye aliyekitundika kibao kabla hakijaisha.

Yalikuwa maelezo marefu. Na mezani, chini ya mkono wa Bwana, ilikuwa laisensi yangu.

"Wewe ndiwe uliyemwambia aandike hivi?" Simeon akauliza.

"Sikumwambia aandike hivyo," nikasema.

Yachunguzeni maneno hayo, ndugu zangu. Hamtapata uongo ndani yake. Sikumwambia aandike hivyo, hata kidogo.

Simeon akamgeukia Bwana, akasema Kiingereza. Sasa, mtu hakai miaka saba jikoni kwa mzungu akatoka na masikio matupu. Kiingereza changu kilikuwa cha pasi na sabuni, cha "taratibu" na "mjinga wewe", lakini kilitosha. Nilimsikia Simeon akisema kwamba mwanamke huyu anasema alimpa fundi neno lingine, na fundi akaandika laana kwa kusudi lake mwenyewe, na alipoambiwa aisahihishe akacheka na kwenda zake.

Ningesema hapana. Ni neno fupi, na kwa Kiingereza ni fupi zaidi.

Nikaitazama laisensi. Nikanyamaza.

Simeon akaandika, akanisogezea karatasi. Nikaweka sahihi yangu, herufi moja moja, kwa mwandiko mzuri kuliko siku zote. Na Bwana akanishukuru! Akasimama, akanirudishia laisensi, akasema kupitia kwa Simeon kwamba serikali inawapenda Wakamba waaminifu. Kisha akashauri kwamba mama anayeshona maua achague jina lisilo na matata. Rose, kwa mfano.

Kwa hiyo tukaitwa Rose. Nilifukuzwa Ruiru kwa kukataa kutarizi waridi, nikaishia Thika chini ya kibao cha waridi, nimekipachika mwenyewe.

Na biashara ikashika! Wake za maafisa wakaja na vitambaa. Klabu moja ya wazungu ikaagiza mapazia. Wanawake wa mjini wakarudi upande wetu wa barabara. Mhindi akawa ananiita dada. Wainaina, yeye, alichukuliwa nyumbani kwake Gitothua jioni ya siku ile niliyoweka sahihi.

"Kwa nini wamemchukua?" Nekoye aliniuliza.

"Wengi wanachukuliwa," nikamjibu.

Hilo nalo lilikuwa kweli. Nilikuwa nimekwisha kuwa bingwa wa maneno ya kweli.

Zikapita wiki sita. Siku ya Jumatano, tukikata mapazia ya klabu, akaja mwanamke amebeba mkungu mdogo wa ndizi mgongoni. Miguu ilikuwa na vumbi mpaka magotini. Akasimama chini ya kibao, akakisoma, akaonekana kupotea.

"Naitafuta duka ya Mama Mbithe," akasema. "Niliambiwa inaitwa jina la mti."

"Ni mimi," nikasema.

Uso wake ukafunguka. Akazitua ndizi miguuni pangu. "Mimi ni Mumbi. Bibi ya Wainaina."

Nikashukuru Mungu kwamba nilikuwa nimeketi.

"Alipata askari mmoja mwenye huruma akaniletea maneno yake," Mumbi akaendelea. "Ijumaa wanaamua. Wamwachilie au wampeleke kambi ya mbali, huko watu hawarudi upesi. Wanasema aliandika laana. Anasema, nenda kwa Mama Mbithe. Yeye alikuwako. Aliona vile rangi ilifutwa mara tatu, na vile saa ilifika, na vile alisema atarudi kumaliza. Anasema pengine Mama Mbithe hajui kwamba amefungwa, angejua angekuja zamani."

Nikakohoa.

"Hana mtu mwingine, mama. Mimi ni bibi yake, mimi wakiniuliza ni kazi bure."

"Atakuja!" Nekoye akaruka kutoka kwenye cherehani. "Kwani ni mbali? Ijumaa tutakuja sisi wote. Ai, watu wanamfunga mtu kwa mguu mmoja wa herufi!"

Mumbi akanishika mikono yote miwili, akailowesha kwa machozi, akaniombea kwa Ngai kwa lugha ambayo sikuijua na nilishukuru kutoijua. Kisha akaondoka haraka, maana yeye pia alikuwa na pasi na pasi yake ilikuwa na saa yake.

Nekoye akarudi kwenye pazia. Akashona kidogo, akasimama.

"Mama Mbithe. Mbona huli ndizi?"

"Sina njaa."

Akanitazama muda mrefu. "Kule afisini uliwaambia nini?"

"Niliwaambia sikumwambia aandike hivyo."

"Halafu?"

"Halafu Simeon akaongeza yake."

"Ukamwacha?"

Nikaokota uzi sakafuni.

"Halafu?"

"Halafu nikaweka sahihi."

Nekoye akalikunja pazia la klabu polepole, akalilaza juu ya cherehani. "Sahihi ile niliyokufundisha mimi," akasema. "Nilikaa na wewe kibarazani kwangu miezi miwili, nikakushika vidole kama mtoto, ujue kuandika Mwongeli."

"Nekoye, wangetunyang'anya laisensi. Nilikuwa nafikiri juu yetu."

"Usinitie mimi. Mimi nilitaka tuitwe Thika Modern Ladies."

Nikajaribu kucheka. Yeye hakucheka.

"Ijumaa utakwenda," akasema. "Nami nitakusindikiza mpaka mlangoni. Usidhani ni urafiki. Ni usije ukapotea njia."

Siku mbili sikupata usingizi, nikachora miiba ya ovyo kwenye kila kipande cha karatasi. Nilitunga maelezo kumi. Katika yote kumi mimi nilikuwa mtu mwema kidogo aliyeponzwa na hali.

Ijumaa, kule afisini, askari wa mlangoni akamzuia Nekoye, akasema wanaoingia ni shahidi na mke wa mfungwa tu. Mumbi akaingia ameshika mkono wangu juu ya kiwiko, kama mtu anayevuka mto na mwenzake anayejua pa kukanyaga. Bwana alikuwa pale pale, pua yake sasa inabambuka. Simeon naye alikuwako na kalamu zake mbili. Aliponiona akakunja uso, kisha akatabasamu.

"Mama Rose," akasema. "Una nini tena?"

"Nimekuja kusema habari za Wainaina."

"Ulishasema. Iko hapa." Akaigonga ile karatasi kwa kidole.

"Iliyo hapo si sawa. Mwambie Bwana si sawa. Wainaina hakuandika laana. Aliandika jina la mmea, na mimi ndiye niliyemchelewesha asimalize. Mimi ndiye niliyekitundika kibao. Hakucheka, na hakukataa kusahihisha chochote, maana hakuna aliyemwambia."

Nilisema yote kwa pumzi moja. Ajabu ni kwamba hayakuwa marefu kama nilivyodhani siku ile ya kwanza.

Simeon hakutabasamu tena. Kama maneno yangu ni kweli, basi kuna mtu aliyeyabuni yale mengine, na mwandiko ulikuwa wake. Akamgeukia Bwana, akasema Kiingereza kwa upole mkubwa. Nikatega sikio langu la jikoni. Mwanamke huyu, alisema Simeon, amekuja kuthibitisha maelezo yake ya kwanza, naye anaomba ulinzi dhidi ya mke wa mfungwa, ambaye amekuwa akimtisha.

Bwana akaitikia kwa kichwa. Akachukua kalamu. Mumbi, ambaye hakuelewa hata neno, akaniminya mkono kwa furaha, maana alidhani mambo yanakwenda vizuri.

"No, Bwana," nikasema.

Kalamu ikasimama.

"No," nikasema tena, na nilikitafuta kile Kiingereza kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. "Simeon no good. Me, I lie. First time, I lie. Wainaina no lie."

Yaani mwongo wa kwanza ni mimi, si Wainaina. Bwana akamtazama Simeon. Akanitazama mimi. Akaivuta ile karatasi yenye sahihi yangu, akaanza kuisoma upya tangu juu, huku kidole chake kikifuata mistari.

"Umemwambia nini, Mama Mbithe?" Mumbi akaninong'oneza. "Mbona amenyamaza?"

Nikafungua kinywa nimwambie. Kumwambia mzungu kulikuwa rahisi, maneno yenyewe nilikuwa nayo machache. Kwa Kiswahili nilikuwa nayo mengi mno, na sikujua lipi litangulie.

Simeon hakunipa nafasi. Akainama kuelekea kwa Mumbi, akamwambia kwa Kikuyu, taratibu, sentensi ndefu. Sijui Kikuyu. Nilisikia jina langu mara mbili, na jina la Wainaina mara moja, na sikujua kama ule ulikuwa ukweli wangu au uongo wake.

Mkono wa Mumbi ukaniachia.

Akarudi nyuma hatua moja, ananitazama. Kisha akaanza kupiga kelele, na wala sikujua ananipigia mimi au anampigia Simeon.

Bwana akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Askari," akasema kwa Kiswahili, "funga mlango. Huyu mama hapana toka."

Hakusema ni mama yupi.